Taa za Krismasi Zenye Lugha Mbili

Mwaka 1882, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliwasha balbu 80 za rangi kwenye mti wa Krismasi nyumbani kwake New York. Enzi hizo kuwaka tu kulitosha. Karne moja na ushee baadaye, Wamarekani walitaka taa za uani zicheze na muziki, na hapo kasheshe ikaanza.

Vidhibiti vya nyumbani vya Light-O-Rama vilikuwa na lugha yao. Taa za jukwaani zilitumia DMX512, ya mwaka 1986. Zote husafirisha ishara kwa mfumo uleule wa umeme, RS-485, hata nyaya zinaweza kufanana. Sasa ukiziunga pamoja? Hamna kitu, hazielewani! Dawa ilikuwa kuipa kila moja waya wake, zikutane kwenye kompyuta tu.

Kisha zikaja pikseli. Kila moja hula chaneli tatu, yaani chaneli 512 za DMX huishia pikseli 170. Mti mkubwa mmoja unazimaliza. Mwaka 2009, kiwango cha E1.31 kiliruhusu data ya DMX, mafungu mengi ya chaneli 512, kupita kwenye kebo moja ya mtandao wa kompyuta. Vidhibiti vya zamani havikutupwa. Wengi waliviacha na waya wao uleule, vikiwaka sambamba na pikseli.