Masizi Kabla ya Mirija: Kaboni katika Viwanda vya Arusha

Waandishi wengi wa historia ya plastiki zilizoimarishwa kwa mirijanano ya kaboni huanzia makala ya Sumio Iijima ya mwaka 1991. Kwa maoni yangu, mwanzo huo unaisahau Arusha. Tangu miaka ya 1970, wafanyakazi wa kiwanda cha General Tyre, mjini chini ya Mlima Meru, walichanganya mpira na masizi ya kaboni, ambayo chembe zake hupimwa kwa nanomita, ili tairi listahimili msuguano na mchaniko. Tatizo lao ndilo la maabara za leo: kaboni isiposambaa sawasawa, madonge yake huwa chanzo cha nyufa. Taasisi ya Nelson Mandela, inayofundisha sayansi ya nyenzo, ilipozinduliwa Tengeru mwaka 2012, mitambo ya kuchanganyia ilikuwa imekwisha kunyamaza. Wachanganyaji wale na watafiti hawa hawakuwahi kukutana kazini.