Bima ilivyofika Ziwa Tanganyika, na pale ilipokwama

Tarehe 23 Oktoba 1871, David Livingstone aliingia Ujiji akitokea Manyema, mgonjwa na amechoka. Alitumaini kukuta shehena aliyopelekewa kutoka Unguja na John Kirk wa ubalozi wa Uingereza: yadi 3,000 za vitambaa na ratili 700 za shanga. Hakukuta kitu. Mkuu wa msafara ulioleta mali hiyo, mtu aliyeitwa Sherif, alikuwa ameiuza yote na kujinunulia watumwa na pembe za ndovu. Alijitetea kwamba ramli ilimwonyesha kuwa mwenye mali amekwisha kufa.

Kisa hicho husimuliwa zaidi kama utangulizi wa ujio wa mwandishi wa habari Stanley, aliyefika Ujiji siku chache baadaye. Kwa mfanyabiashara kina funzo lake: mali ilipotea na hapakuwa na wa kuilipa. Hasara yote ilimwangukia mwenye mali.

Wafanyabiashara wa Ujiji waliijua hatari hiyo. Misafara ya kwenda bara iliendeshwa kwa mikopo ya matajiri wa Unguja, kama Taria Topan aliyemgharamia mfanyabiashara wa pembe Tippu Tip. Mkopeshaji alijua kwamba njiani kuna vita, njaa, ndui na wizi, hivyo aliiweka hatari hiyo ndani ya riba yake. Mkopaji mmoja akirudi salama, faida yake ilifidia hasara ya mwingine. Ulikuwa mtawanyo wa hasara usio na sheria wala msimamizi, na wapagazi na watumwa, waliokabiliwa na hatari kubwa kuliko wote, hawakuwa na fungu ndani yake.

Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, biashara ilihama taratibu kutoka Ujiji kwenda bandari mpya. Wajerumani wakaleta kwa makasha meli iliyoundwa na kampuni ya Meyer huko Papenburg, wakaiunganisha Kigoma na kuishusha majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe isitekwe na adui. Ilikuja kuibuliwa, na mwaka 1927 Waingereza wakairudisha kazini kwa jina la Liemba. Enzi za Waingereza, bima nchini ilikuwa mikononi mwa makampuni ya kigeni na mawakala wao. Iliwahudumia zaidi wenye maghala, mashamba makubwa na magari. Mvuvi wa dagaa hakuwamo katika hesabu hiyo.

Baada ya uhuru, Serikali ilianzisha Shirika la Bima la Taifa mwaka 1963. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, biashara yote ya bima Tanzania Bara iliwekwa chini ya shirika hilo, na makampuni binafsi yakafunga milango. Lengo lilikuwa jema: ada za wananchi zibaki nchini na kujenga nchi. Lakini mpango huo ulikuwa na kasoro moja kubwa. Mwenye kuuza bima na mwenye kulinda maslahi ya mteja walikuwa mtu yuleyule, Serikali. Mteja aliyecheleweshewa fidia hakuwa na kampuni nyingine ya kuhamia, wala chombo cha pembeni chenye nguvu ya kuliamuru shirika limlipe.

Mabadiliko yalikuja na Sheria ya Bima Namba 18 ya mwaka 1996. Ilifungua soko kwa makampuni binafsi na kuunda idara ya usimamizi iliyoongozwa na Kamishna wa Bima. Kisha Sheria ya Bima Namba 10 ya mwaka 2009 ikaanzisha chombo tunachokijua leo: Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA.

Kazi ya mamlaka hii inatokana na asili ya biashara yenyewe. Anayenunua gunia la mchele huondoka nalo. Anayenunua bima hutoa fedha leo, akapewa ahadi itakayodaiwa siku ya msiba. Siku hiyo kampuni inaweza kuwa imefilisika, au ikadai kwamba ajali ya aina hiyo haimo katika mkataba. Ndiyo maana TIRA husajili makampuni, madalali, mawakala na wakadiria hasara. Huhakikisha kampuni ina mtaji wa kutosha na akiba ya kulipia madai, hukagua vitabu vyake, na hutazama kama hatari kubwa zimegawanywa kwa bima mtawanyo ili moto mmoja usiiangushe kampuni nzima. Inaweza kuitoza faini au kuifutia leseni kampuni inayokiuka masharti. Sheria ya 2009 iliweka pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ili mwananchi asiyeridhika apate pa kwenda bila kuingia gharama za mahakama.

Nchi kavu, matunda yanaonekana. Tangu ukoloni sheria imelazimisha kila gari kuwa na bima ya mtu wa tatu, ile ambayo mitaani huitwa bima ndogo. Stika bandia zilipozagaa na kuwaacha majeruhi bila fidia, TIRA ilihamishia stika katika mfumo wa kielektroniki, na sasa askari, abiria au mwenye gari anaweza kuhakiki kwa simu kama bima ni halali. Bima ya gari imefika Kasulu na Kibondo pamoja na basi lenyewe.

Majini ni habari nyingine. Kutoka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, boti za mbao huwapeleka watu na mizigo vijiji vya kaskazini, Mwamgongo hadi Kagunga mpakani na Burundi, kupita hifadhi ya Gombe. Kwa vijiji vingi vya mwambao huo, boti ndiyo basi lao. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu meta 1,470, halina huruma, na pepo za kusini za miezi ya kiangazi huamsha mawimbi ya kutisha. Desemba 2014, upande wa Kongo, boti ya Mutambala ilizama na kuua watu zaidi ya 120. Katika Ziwa Victoria, MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 ziliacha misiba ambayo taifa halijaisahau.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya soko la Kariakoo kuungua, ilipanua bima za lazima. Ilitaja masoko ya umma, majengo ya biashara, bidhaa zinazoingizwa nchini, na pia vyombo vya majini na vivuko. Ilikuwa hatua kubwa, lakini maandishi peke yake hayamfikii abiria wa boti ya mbao. Kampuni haiwezi kukatia bima chombo kisichosajiliwa wala kukaguliwa, kwa kuwa haijui inachokilinda. Na pasipo orodha ya abiria, familia itathibitishaje kwamba mpendwa wao alikuwamo?

Tena Ziwa Tanganyika limegawanywa kati ya nchi nne. Zambia, Burundi na Kongo zina wasimamizi wao wa bima, na Kongo iliondoa ukiritimba wa shirika lake la SONAS kwa sheria ya mwaka 2015, karibu miaka 20 baada ya Tanzania kufungua soko lake. Gari likivuka mpaka hulindwa na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki ingawa si mwanachama wa jumuiya hiyo. Kadi hiyo ni ya magari. Mzigo unaovuka kwa boti kutoka Kigoma kwenda Kalemie au Uvira unahitaji makubaliano ya namna hiyo, na nchi hizi zimekwisha kuonyesha kwamba zinaweza kukubaliana: mwaka 2024 zilifunga uvuvi kwa pamoja, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane.

Ninaamini usimamizi wa bima sasa upimwe kwa kinachofanyika mwaloni. TIRA na TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, wangeunganisha kumbukumbu zao, cheti cha ubora wa boti na bima yake vingekaguliwa pamoja kabla chombo hakijang'oa nanga. Vikundi vya wavuvi vingekata bima kwa pamoja, ada ingekuwa ndogo kwa kila mmoja. Mkataba ungesomwa kwa Kiswahili chepesi, hasa vipengele vinavyotaja yasiyolipwa. Mjane wa ajali ya boti Kagunga anastahili fidia ileile anayodai mjane wa ajali ya basi Kasulu, na ailipwe kwa haraka ileile.