Majina Mawili ya Mpeketoni

Jumapili ya tarehe 15 Juni 2014 Amu tulikuwa tunatazama Kombe la Dunia kama dunia nzima. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimekaa chini kwenye mkeka mbele ya miguu ya wakubwa. Mpeketoni, ng'ambo ya bara, watu pia walikuwa wamejaa mahotelini wanatazama mpira. Wenye bunduki waliingia usiku ule, wakapiga kituo cha polisi, wakachoma hoteli na magari, wakawa wanatoa wanaume majumbani. Waliowauliza dini waliwauliza, na asiyejua kujibu shahada aliuawa. Usiku wa pili walirudi vijiji vya jirani. Hesabu ilipotulia, waliokufa walipita sitini.

Sisi habari ilitufikia kwa simu kabla ya redio. Nakumbuka neno la kwanza nililosikia mtaani, na si la majonzi. Mtu mzima alisema, "Si sisi." Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta alitokea kwenye televisheni akasema yale hayakuwa mashambulizi ya Al-Shabaab. Yalikuwa, alisema, fujo za kisiasa zilizopangwa na mitandao ya humu humu dhidi ya jamii moja. Wakati huo Al-Shabaab wenyewe walikuwa wameshatangaza kwamba ni wao. Basi mauaji yale yale yakawa na majina mawili. Ukisema ni ugaidi, unampinga rais. Ukisema ni siasa, unawapinga wauaji ambao wamekiri kwa vinywa vyao.

Barazani kwetu mjadala haukwisha kwa wiki nyingi. Ami yangu alishikilia ni siasa ya ardhi tupu. Mjomba wangu, ambaye ana duka dogo na amesafiri sana na barabara ile, alimwambia: "Wewe unapenda iwe siasa manake siasa haina msikiti." Ami akakasirika, akanyanyuka na kahawa yake. Nilikuwa mtoto, sikuelewa. Leo nadhani lile ndilo jambo la maana zaidi lililosemwa pale.

Nimeukumbuka mjadala huo mara nyingi tangu nilipoacha chuo. Nilifika mwaka wa pili tu, halafu ada ikanishinda. Kabla sijaondoka, mhadhiri alitupa swali darasani: kati ya aina zote za ugaidi zilizoipata Kenya, ipi inastahili kuangaliwa kwanza na umma? Wenzangu wakataja Westgate, Septemba 2013, watu 67. Wakataja Chuo cha Garissa, Aprili 2015, watu 148, na pale darasa likanyamaza kwa sababu wale walikuwa wanafunzi kama sisi. Mimi nikasema Lamu, 1963 hadi 1967. Watu wakacheka. Mmoja akaniambia, "Hiyo si ugaidi, hiyo ni historia."

Sawa, tuanze na historia.

Bibi yangu ni Mbajuni. Alizaliwa upande wa bara, kaskazini, kwenye vijiji vilivyojipanga kufuata pwani mpaka Kiunga na Ishakani karibu na mpaka wa Somalia. Kulikuwa na Rubu, Mvundeni, Ashuwei. Ukitafuta majina hayo leo utakuta magofu, visima na mibuyu. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi haujaisha vita vya Shifta vilikuwa vimeanza, Wasomali wa kaskazini wakitaka kujiunga na Somalia. Wabajuni hawakuwa na kesi hiyo. Lakini walikaa njiani. Shifta walikuja usiku kuchukua chakula na kuua anayekataa. Mchana wakaja askari wa serikali kuuliza nani aliwapa shifta chakula. Kwa mtu wa Rubu, tofauti ya wawili hao ilikuwa ni saa tu.

Bibi anasimulia kuondoka kwao kwa maneno machache sana. Mashua, usiku, mama yake amebeba sufuria. "Mbuzi twaliwawata papo," anasema, na hapo hunyamaza, kama kwamba mbuzi ndio waliokuwa na haki ya kulalamika. Walitua Amu. Wengine walisogea mpaka Malindi na Mombasa. Wengi hawakurudi, na ile nchi waliyoiacha haikukaa ikiwasubiri.

Mapema miaka ya 1970 serikali ilifungua mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta, pale Mpeketoni, ikawapa mashamba watu wasiokuwa na ardhi, wengi wao Wakikuyu kutoka bara, baadhi yao wakiwa Wakenya waliorejea kutoka Tanzania. Walikuta pori. Walifyeka, wakapanda pamba, mahindi na mikorosho, wakajenga mji ambao sasa unailisha Amu mboga. Hawakumfukuza bibi yangu; bibi yangu alikuwa ameshafukuzwa, na mahali pengine. Nalisema hili kwa sababu kwetu hadithi mbili hizi huunganishwa haraka mno, kama kwamba mkulima wa Mpeketoni ndiye aliyechoma Rubu. Kinachouma ni kingine: aliyetoka bara alipewa hati, na Mbajuni aliyepoteza kijiji alibaki mkimbizi ndani ya wilaya yake, bila karatasi hata moja.

Halafu kuna sheria ambayo sikuwahi kuisikia mpaka nilipokuwa nimeshaacha shule, nikiisoma usiku kwenye simu. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha Sheria ya Kinga, ile ya Indemnity. Inasema hakuna kesi itakayofunguliwa dhidi ya mtumishi wa serikali kwa alichofanya kulinda usalama kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967, katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya nne: Isiolo, Marsabit, Tana River, na Lamu. Ndiyo, Lamu imetajwa kwa jina. Serikali ilijua kuna jambo limetendeka huku, ikajua na tarehe zake, ikalifungia mlango wa mahakama. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake Mei 2013, vita vya Shifta vilikuwemo. Mwaka mmoja baadaye, Mpeketoni ikawaka.

Hapo ndipo niliposimama darasani. Lakini kama ningeishia hapo, ningekuwa mwongo wa aina ya ami yangu.

Manake ukweli mwingine ni huu: ugaidi ulikuja visiwani kwetu ukapewa chai. Fazul Abdullah Mohammed, Mkomoro aliyetafutwa kwa bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi la Agosti 1998 lililoua watu 213, aliishi Siyu, kisiwani Pate, kabla ya shambulizi la hoteli ya Kikambala la Novemba 2002. Alifundisha madrasa. Alioa. Watu wa Siyu hawakumjua ni nani, na mimi nawaamini. Mgeni mwenye adabu na Qur'ani kifuani, nani atamwuliza kitambulisho? Sheikh Aboud Rogo, mzaliwa wa huku huku Lamu, alishtakiwa kwa Kikambala akaachiliwa 2005. Kaseti na CD za mawaidha yake zilizagaa mpaka kwenye maduka ya nguo. Mwaka 2012 alipigwa risasi ndani ya gari lake Mombasa, Agosti, mke wake akiwa naye. Hakuna aliyefungwa kwa mauaji yake. Kwa hiyo kijana aliyekuwa anamsikiliza akapata vitu viwili mara moja: mawaidha na ushahidi.

Na wale waliokuwa msitu wa Boni wakati wa Mpeketoni hawakuwa wageni watupu. Kikosi kilichoitwa Jaysh Ayman kilikuwa na Wakenya ndani yake. Walionusurika Mpeketoni walisema baadhi ya wauaji walizungumza Kiswahili. Tarehe 14 Juni 2015, karibu mwaka mzima baada ya mauaji, kikosi hicho kilishambulia kambi ya jeshi ya Baure kikashindwa, na kati ya maiti zilizobaki alikuwapo Mkenya Luqman Osman Issa, aliyetajwa kuwa kiongozi wa yale ya Mpeketoni, na kando yake Mwingereza aliyesilimu, Thomas Evans. Shambulizi la Hindi, Julai 2014, liliacha ubao ulioandikwa maneno juu ya ardhi ya Waislamu. Yaani wauaji walijua kilio cha bibi yangu. Walikikopa, wakakiandika kwa chaki, wakauachia mji maiti.

Ndiyo maana "Si sisi" linanikera, na "ni siasa" linanikera vilevile. Al-Shabaab hawakuhitaji kuja na hoja yao wenyewe, waliikuta imelala hapa tangu 1967. Rais aliposema ni mitandao ya ndani, alikuwa ameshika nusu ya jambo, kisha akaitumia nusu hiyo vibaya. Gavana Issa Timamy alikamatwa wiki ile ya pili, akashtakiwa, na kesi ikaja kuondolewa kwa kukosa ushahidi. Mwisho wa Julai 2014 rais huyo huyo akatangaza kufuta hati 22 za ardhi, ekari laki tano za Lamu, zilizochukuliwa na makampuni kati ya 2011 na 2012. Laki tano! Sisi tulidhani tunagombana na mkulima mwenye ekari kumi za mahindi. Na kesi ya watu wawili walioshtakiwa kwa mauaji yenyewe? Mahakama Kuu Mombasa iliwaachilia.

Baada ya Mpeketoni ilikuja amri ya kutotoka nje usiku. Ilitangazwa katikati ya Ramadhani, baada ya basi kushambuliwa karibu na Witu, na ikaendelea miezi. Mtu asiyeijua Lamu hawezi kuelewa. Mvuvi wetu hutoka na giza. Ukimzuia bahari usiku umemwambia asile. Nyumbani kwetu nyavu zilitundikwa ukutani mpaka panya wakazitoboa, na baba akaanza kubeba mawe ya ujenzi Shela. Hakuna gazeti lililouita ule njaa.

Turudi kwa swali la mhadhiri, kipi kiangaliwe kwanza. Chukua wiki moja tu, ya kwanza ya Januari 2020. Tarehe 2, basi la abiria lilishambuliwa Nyongoro, watu wakauawa. Tarehe 5, Al-Shabaab waliingia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay, wakaua Wamarekani watatu na kuchoma ndege. Wiki moja, kaunti moja, kundi moja. Manda iliandikwa na magazeti ya Marekani, ikachunguzwa na Pentagon, ikarudiwa tena na tena. Nyongoro waulize watu hata wa Mombasa kama wanaikumbuka. Mimi naikumbuka kwa sababu mjomba wangu alikuwa apande basi siku ile, akachelewa kwa kusubiri mzigo wa vitunguu.

Na kuna ya tatu, ambayo haina mlipuko. Mwaka 2016 Haki Africa walitoa ripoti yenye visa 81 vya watu wa Pwani waliouawa au kutoweka mikononi mwa vyombo vya usalama tangu 2012. Mwaka uliotangulia shirika hilo lenyewe lilikuwa limewekwa kwenye orodha ya washukiwa wa kufadhili ugaidi, mpaka mahakama ikaliondoa. Kwenye mtaa wetu kuna mama ambaye kijana wake alichukuliwa na watu wenye gari lisilo na namba. Hajakaa matanga, kwa kuwa hajui kama ni maiti. Kila Idi anashona kanzu ya saizi ile ile.

Mimi nikiulizwa tena, sitataja Shifta peke yake kama nilivyofanya darasani kwa ubishi. Nitasema yaangaliwe kwanza yale ambayo hayajapata faili: waliouawa ambao kesi yao ilikwisha bila mwenye hatia, waliotoweka, na vijiji vilivyofungiwa mahakama na sheria ya 1970. Westgate ina vitabu na filamu. Hatari ya jambo lisilo na faili ni kwamba mtu yeyote anaweza kulichukua na kuliandika ubaoni kwa chaki yake. Najua kuna atakayesema ninawaweka askari na magaidi kwenye kapu moja. Siwaweki. Aliyechinja watu Mpeketoni ni muuaji, na msikiti wetu ulipaswa kulisema hilo kwa kipaza sauti Ijumaa ile ile, si kunong'ona "si sisi." Lakini mtoto wa yule mama pia alikuwa na jina.

Januari 2022 watu sita waliuawa Widho, karibu na Majembeni. Jambo la kwanza tulilosikia kwa maafisa ni mzozo wa ardhi. Wakazi wakasema Al-Shabaab. Juni 2023 wakauawa watano Juhudi na Salama, wengine kwa kukatwa vichwa. Ami yangu amezeeka sasa, macho yamefifia, bado anakaa baraza ile ile. Nilimsomea habari ya Juhudi kwenye simu, akasikiliza mpaka mwisho. Nikamwuliza, "Ami, hii nayo ni siasa?"

Alikizungusha kikombe kiganjani. "Soma tena majina yao," akasema.

Nikamwambia gazeti halikuandika majina, limeandika idadi tu.