Namba 4,294,967,297 na Kuvunjika kwa Dhana ya Fermat

Namba 4,294,967,297 ni 2 kwa kipeo cha 32, ikiongezwa 1. Kwa miaka 92 ilidhaniwa kuwa namba tasa, yaani isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Dhana hiyo ilitoka kwa Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, aliyefanya hisabati kwa mapenzi yake. Mwaka 1640 alichunguza namba zinazopatikana kwa kuongeza 1 kwenye 2 yenye vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16. Alipata 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa. Akaamini kwamba kila namba itakayofuata katika mpangilio huo itakuwa tasa pia, ingawa alikiri kwamba hakuwa na uthibitisho kamili. Ya sita ndiyo 4,294,967,297.

Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler, kijana wa miaka 22 aliyekuwa St. Petersburg, akimuuliza kuhusu dai hilo. Mwaka 1732 Euler alitoa jibu: namba hiyo ni 641 mara 6,700,417.

Kuna namba tasa 6,542 zilizo chini ya kipeuo cha pili cha 4,294,967,297, na kuzijaribu moja moja kwa mkono ni kazi ya kuchosha. Baadaye Euler alieleza njia fupi: kigawo chochote tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Namba tasa za aina hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Kwa hiyo jaribio la tano tu linatosha.

Hata bila kugawanya, jibu linaweza kuthibitishwa. 641 ni 625 kuongeza 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Zidisha pande zote kwa 2²⁸: inapatikana 640⁴ + 2³², ambayo ni zao la 641 na 2²⁸. Lakini 640 ni pungufu ya 641 kwa 1, hivyo 640⁴ ikigawanywa kwa 641 hubakiza 1. Basi 2³² + 1 inagawanyika kwa 641 bila baki.

Mpangilio wa Fermat ulipata umuhimu mpya mwaka 1796, Carl Friedrich Gauss alipoonyesha kwamba umbo sawa la pembe 17 linaweza kuchorwa kwa rula na bikari. Kanuni yake, iliyokamilishwa na Pierre Wantzel mwaka 1837, inasema kwamba idadi witiri ya pembe inakubalika ikiwa ni namba tasa ya Fermat, au zao la namba tofauti za aina hiyo. Kwa sababu ya 641, umbo la pembe 4,294,967,297 halichoreki. Ondoa pembe mbili tu, nalo linachoreka, kwani 4,294,967,295 ni zao la 3, 5, 17, 257 na 65,537.

Mwaka 1880 Fortuné Landry aliigawanya namba ya saba ya mpangilio huo, yenye tarakimu 20, kwa 274,177. Kompyuta zimeendeleza msako hadi namba kubwa mno, na hakuna namba tasa ya sita iliyopatikana. Mifano mitano ya Fermat ilikuwa dalili, na dalili si uthibitisho.