Nani Huchagua Masomo?

Watu wengi hudhani kwamba mabishano juu ya masomo ya kuchagua sekondari yameletwa na vijana wa siku hizi. La hasha. Hapa kwetu Bukoba na Muleba mabishano hayo yana umri mkubwa kuliko bibi zetu walio hai, na ukiyafuatilia tangu mwanzo utaona kuwa wazazi wamekuwa wakiuliza swali moja tu: mtoto akishika somo hili, ni mlango gani utamfungukia, na ni upi utafungwa nyuma yake?

Mapadre Weupe walifika Kashozi mwaka 1892. Katika shule za misheni mtoto hakuulizwa anataka kusoma nini. Seminari ya Rubya, iliyoko Wilaya ya Muleba, ilifundisha Kilatini kwa sababu Kanisa lilihitaji mapadre, wala hakuna mkulima wa Ihangiro aliyekuwa na haja ya Kilatini. Hata hivyo mlango ule ulikuwa mpana kuliko ulivyoonekana. Laurean Rugambwa, mzaliwa wa huku huku, alipita Rubya, akapadirishwa mwaka 1943, na mwaka 1960 akawa Kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Wazee waliyaona hayo wakajua kwamba kitabu humfikisha mtu mbali kuliko alikokusudia yule aliyempa.

Ndiyo maana kisa cha Nyakato hakinishangazi. Shule hiyo ya serikali, karibu na mji wa Bukoba, iligeuzwa na Waingereza katika miaka ya 1930 kuwa shule ya kilimo, kwa hoja kwamba elimu ya Mwafrika ifanane na maisha yake ya kijijini. Wahaya hawakuipenda, na mpango huo haukudumu. Wapo wanaosema wazee wetu walilidharau jembe. Mimi sikubali. Watu hao hao walikuwa wakulima wa kahawa wenye msimamo. Mwaka 1937 walizipinga waziwazi kanuni za kahawa zilizoletwa na serikali, na mwaka 1950 chama chao kikuu cha ushirika kikaandikishwa. Mwenye kudharau kilimo hafanyi hayo. Jembe walikuwa nalo nyumbani, kwenye kibanja, na mtoto alilijua kabla hajajua kusoma. Walichokikataa ni shule ambayo mwanafunzi akiimaliza hawezi tena kugeuka akawa karani, mganga au mwanasheria.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na katika miaka iliyofuata sekondari zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Haki ya kihistoria yataka tuseme kwamba huku hakukuwa kurudia Nyakato. Mwanafunzi wa mchepuo wa kilimo aliendelea na masomo mengine, na Mwalimu hakuwa mgeni aliyetaka tubaki chini. Lakini uamuzi bado ulifanywa mbali na mtoto. Mimi mwenyewe nilipochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza mwaka 1977, nilipangiwa shule, na pamoja na shule nikapangiwa mchepuo wa kilimo. Barua haikuniuliza kitu. Hata hivyo nashukuru kwa mambo mawili: nilijifunza udongo na magonjwa ya mimea, na sikunyimwa Kemia. Ni Kemia hiyo iliyonifikisha kwenye ualimu wa sayansi, kazi niliyoifanya kwa zaidi ya miaka 30.

Nafasi za sekondari siku hizo zilikuwa chache mno, na mgawo wa mikoa ulizipunguza zaidi kwa mikoa iliyotangulia kupata shule, kama wetu. Wazazi wakajenga shule zao wenyewe. Kisha, kuanzia mwaka 2004, zikaja shule za kata kwa wingi, na mtoto wa kijijini akapata dawati la sekondari karibu na kwao. Hiyo ni hatua ambayo kizazi changu hakikuiota. Lakini mlango ukahamia mahali pengine.

Kwa miaka mingi mwanafunzi akiingia Kidato cha Tatu aliruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia. Katika shule moja niliyofundisha wilayani Muleba, mwalimu wa Fizikia alihama, na maabara ilikuwa chumba chenye meza tu. Kemia niliibeba mimi peke yangu kwa madarasa yote. Ulipofika wakati wa kuchagua, karibu wasichana wote wa Kidato cha Tatu waliandika masomo ya sanaa. Fomu ikasema wamechagua. Mimi niliyekuwapo nasema walikosa mwalimu.

Mmoja wao alitaka kuwa muuguzi. Ni ndoto ya kawaida kwetu, kwa kuwa tumekulia karibu na hospitali za Rubya na Ndolage. Na ni Ndolage ambako mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa, tukajifunza thamani ya muuguzi kwa machozi. Binti alifaulu Kidato cha Nne vizuri katika Historia na Kiswahili. Chuo kikamuuliza Kemia. Ilimbidi arudi kuisoma akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, huku akiuza ndizi na mama yake, na ilimchukua miaka mitatu kufika pale ambapo wenzake wa mjini walianzia. Leo ni muuguzi. Lakini ni wangapi wana mama wa kuwavumilia miaka mitatu?

Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi 65 za Kidato cha Tano, 49 kati ya hizo zikiwa mpya, mahali ambapo sisi tulizoea PCM, PCB, CBG, HGL, HKL na nyingine chache. Mitaala mipya imeleta pia mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla. Nafurahi kuona uwanja umepanuliwa. Lakini milango 65 kwenye karatasi haimsaidii mtoto ambaye shule yake ina walimu wa milango mitatu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiletewa fomu na mwanao, usianze kumuuliza anapenda nini. Muulize kwanza: somo hili likiachwa, ni kazi zipi zinaondoka nalo? Je, shuleni kwenu yupo mwalimu wa kulifundisha mpaka mwisho? Na alama zisipotosha, iko njia gani nyingine? Mapenzi yake myazungumze baada ya hapo, naye atayazungumza akiwa na macho.

Na kwa wale wanaopanga mitaala nina ombi moja. Mzazi wa Muleba akisimama kwenye mkutano wa shule akauliza kama kijana wa amali ataweza kufika chuo kikuu, asiambiwe kuwa anadharau kazi za mikono. Babu yake aliambiwa hivyo hivyo wakati wa Nyakato. Ajibiwe.