Sampuli, Kielelezo na Kigezo

Neno sampuli, ambalo tulilipokea kutoka Kiingereza tukalitia irabu zetu, latamkwa kila siku na wenye biashara ya nguo, lakini aghalabu mtu haipimi maana yake ila baada ya kupata hasara.

Kwa muuza nafaka na kwa tabibu, sampuli ni sehemu ndogo ya kitu kilichokwisha kuwapo: konzi ya mchele iliyochotwa guniani, au tone la damu lililotolewa mwilini. Lakini mtu aliyebuni kanzu mpya, akaenda kutafuta kiwanda cha kumshonea, hana gunia la kuchota. Ana nia yake na karatasi aliyoichora, na vazi analoliomba ndilo litakalotangulia, mengine yote yaje nyuma yake. Neno namna, ambalo asili yake ni Kiajemi na maana yake ya kwanza ni mfano, lingaliweza kutufaa, lakini siku hizi limekwisha kuzama katika maana ya aina na jinsi.

Kwa hiyo naona vazi la kwanza liitwe kielelezo, maadam kazi yake ni kumweleza fundi yaliyomo moyoni mwa mbunifu. Waraka wa vipimo hautoshi peke yake, hata ukitaja badani, taharizi, kikwapa, lisani, sijafu na kaba, kila kimoja na kipimo chake; kwani mpaka vazi livaliwe ndipo ijulikanapo kwamba shingo inabana au bega limelegea, likafumuliwa na kushonwa tena. Viwanda vikubwa huikwepa kazi hii, au huitoza ghali, kwa sababu taabu ya kukata kiolezo cha karatasi na kutayarisha vyerehani ni ileile, vazi liwe moja au yawe mia. Ndiyo maana wengi humwendea kwanza fundi mmoja mahiri, na hilo si kosa.

Kosa ni kudhani kwamba kielelezo hicho chatosha kuwa ahadi ya kiwanda. Fundi wa peke yake hushona vazi zima kwa mkono wake, akisahihisha kila aendapo. Kiwandani kila mtu hukalia mshono mmoja, na upungufu wa mtu wa kwanza hupita mikononi mwa wote. Kwa hivyo, kabla ya kazi kuanza, lazima lishonwe vazi jingine, kiwandani humohumo na kwa kitambaa kilekile kitakachotumika, na hilo ndilo listahililo jina la kigezo, kwani kugeza ni kufuatisha umbo na kipimo cha kitu. Yafaa vishonwe viwili vilivyo sawa, vitiwe saini za pande zote mbili, kimoja akihifadhi mwenye mali na cha pili kibaki kiwandani, ili siku ya mzozo pasikosekane shahidi.

Na sampuli je? Hiyo ina mahali pake mwishoni, shehena ikiisha kufungwa, mkaguzi anapofungua maboksi na kuchomoa nguo chache kati ya nyingi, akizilinganisha na kigezo. Basi mwenye kukiandikia kiwanda asiseme tu kwamba ataka sampuli. Aseme kama ataka kueleza, kugeza au kukagua, kwa kuwa kila moja ina wakati wake, bei yake na dhima yake.