Dawa ya mbu ukutani: kinga ya nyumba za vijijini isiyotaka kukatizwa

KAMPALA – Nchini Uganda malaria hufuata mvua. Kusini mwa nchi mvua hunyesha misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ilhali kaskazini kuna msimu mmoja mrefu kuanzia Aprili hadi Oktoba. Madimbwi yanapojaa, mbu huzaliana, na wiki chache baadaye vituo vya afya hufurika wagonjwa. Kwa sababu hiyo Wizara ya Afya, yenye makao yake jijini Kampala, hujitahidi kupanga upuliziaji wa dawa majumbani ili ukamilike kabla ya kipindi hicho cha hatari.

Kinga hii hujulikana kama dawa ukoko, yaani dawa inayogandia ukutani na kuendelea kuua wadudu kwa miezi kadhaa.

Jinsi inavyofanya kazi

Mbu jike anayeeneza malaria huuma zaidi usiku. Akishashiba damu huwa mzito, hivyo hutua kwenye ukuta ulio karibu ili apumzike. Ukuta ukiwa na dawa, hufa. Vimelea vya malaria huhitaji takriban siku 10 hadi 14 kukomaa ndani ya mwili wa mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu mwingine. Mbu anayekufa mapema hafikishi ugonjwa kwa jirani.

Ndiyo maana dawa hii hulinda kijiji zaidi ya nyumba moja moja. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba angalau asilimia 80 ya nyumba za eneo husika zipuliziwe. Familia chache zikifunga milango yao, mbu hupata maficho na kijiji kizima hubaki hatarini.

Funzo la Lango na Acholi

Utafiti uliofanywa mwaka 2001 na 2002 katika wilaya ya Apac ulionyesha kuwa mkazi mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara nne kila usiku. Mwaka 2008 serikali ilianza kupulizia DDT katika wilaya za Apac na Oyam, lakini wafanyabiashara wa mazao ya kilimo hai walihofia kupoteza masoko ya nje, na mahakama ikaamuru shughuli hiyo isimamishwe.

Kuanzia mwaka 2009, dawa za aina nyingine zilipuliziwa katika wilaya 10 za kaskazini, zikiwemo Apac, Oyam, Gulu, Kitgum na Pader. Malaria ilipungua sana. Mwaka 2014 upuliziaji huo ulikoma na nguvu zikaelekezwa mashariki mwa nchi, huku wakazi wa kaskazini wakigawiwa vyandarua. Mwaka 2015 ugonjwa ulirudi kwa kishindo. Watafiti waliochambua takwimu za vituo vya afya walibaini kuwa ndani ya takriban miezi 10 baada ya dawa kukoma, idadi ya wagonjwa iliongezeka mara tano. Mwaka 2017 wilaya hizo zilipuliziwa tena mara moja tu. Nafuu ilipatikana, lakini haikudumu.

Mashariki, upuliziaji ulioendelea mfululizo kwa miaka mitano uliambatana na upungufu mkubwa wa wagonjwa. Hata hivyo, katika wilaya ya Tororo malaria ilipanda tena baada ya aina ya dawa kubadilishwa kuanzia mwaka 2019, ishara kwamba mbu nao lazima wachunguzwe kila mara.

Suala la fedha limezidisha wasiwasi. Januari 2025 Marekani, mmoja wa wafadhili wakuu wa kazi hii, ilisimamisha misaada yake ya nje, na upuliziaji nchini Uganda ukasitishwa.

Wajibu wa wenye nyumba

Wapuliziaji wanapofika, chakula, maji na vyombo hutolewa nje. Vitu vizito husogezwa katikati ya chumba na kufunikwa. Watu na mifugo hukaa nje kwa muda wa saa mbili, kisha milango na madirisha hufunguliwa ili hewa ipite. Sakafu hufagiwa, na wadudu waliokufa huzikwa ili kuku wasiwadonoe. Mabaki ya dawa hayapaswi kufika kwenye visima, mabwawa ya samaki wala mizinga ya nyuki.

Kosa linalotokea mara nyingi ni la nia njema. Familia nyingi hukandika upya kuta za nyumba kwa udongo, hasa sikukuu zinapokaribia. Tope hilo hufunika dawa, na mbu hutua juu yake bila kudhurika. Afadhali kukandika au kupaka rangi kabla ya upuliziaji, kisha kuuacha ukuta kama ulivyo hadi awamu inayofuata.

Mahali ambapo wapuliziaji hawafiki, mwenye nyumba asijaribu kutumia dawa ya shambani ndani ya nyumba. Dawa hizo zinaweza kuwadhuru watoto na walio wajawazito. Njia salama ni kulala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata wakati wa kiangazi, kuziba mianya kati ya ukuta na paa, na kuweka wavu madirishani. Mtu akipata homa apimwe ndani ya saa 24, ama kwa mhudumu wa afya wa kijiji au katika kituo cha afya kilicho karibu.

Yaliyotokea kaskazini yanaonyesha kwamba dawa ukoko hulinda pale tu inaporudiwa kwa wakati wake. Ikikatizwa bila kinga nyingine madhubuti kushika nafasi yake, watoto waliokua bila kuugua mara kwa mara hukutana na malaria miili yao ikiwa haijaizoea.